Kipandikizi cha Silikoni Kinapopasuka Titini: Mwongozo Kamili kwa Mwanamke wa Malindi, Tangu Dalili Hadi Kupona

Kipandikizi cha silikoni kinapopasuka ndani ya titi, mara nyingi mwenyewe hana habari. Titi halinywei ghafla, ngozi haibadiliki rangi, na pengine hakuna maumivu yoyote, hata mwanamke akaendelea na shughuli zake kwa miaka bila kujua kwamba ganda la kitu alichowekewa limeshaachana na jeli iliyokuwa ndani yake. Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi hapa Malindi niliwaona wanawake wakikosea kwa namna mbili. Wengine waliamini kwamba wasipoumwa basi wako salama, na wengine, kwa maumivu madogo ya siku moja, walijiona wameshajaa sumu na wakaanza kuagana na watoto wao. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wote wawili. Kupasuka kwa kipandikizi kwa kawaida si jambo la kukimbizwa hospitali usiku wa manane, wala si jambo la kuachwa mwaka baada ya mwaka. Huthibitishwa kwa picha, na hutibiwa kwa upasuaji uliopangwa kwa utulivu.

Wenye vipandikizi mjini petu si haba, ingawa wanaosema ni wachache. Wapo waliowekewa Italia walipokuwa wakiishi huko na waume zao, wapo waliokwenda Nairobi au Dubai, na wapo waliotengenezewa titi upya baada ya lile la kwanza kuondolewa kwa sababu ya saratani. Sababu ya kuwekewa haimhusu muuguzi wala jirani, na haibadilishi tiba. Linalobadilisha tiba ni kuficha. Mwanamke anayemweleza daktari kwamba ana uvimbe kwapani, lakini akanyamaza kuhusu silikoni aliyo nayo, humfanya daktari huyo atafute ugonjwa mahali usipokuwapo.

Fahamu kwanza ulicho nacho mwilini

Kipandikizi cha silikoni ni ganda laini la silikoni lililojazwa jeli ya silikoni. Vya kwanza viliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962, na tangu hapo vimebadilishwa mara nyingi. Vile vya miaka ya 1970 na 1980 vilikuwa na ganda jembamba na jeli nyepesi iliyotiririka kama asali, ilhali vingi vya siku hizi vina jeli iliyoshikamana ambayo ukiikata kwa kisu hubaki na umbo lake, kama halua iliyopoa. Kwa hiyo kipandikizi cha zamani kikipasuka, jeli yake husafiri kwa urahisi zaidi kuliko ya kipandikizi kipya.

Mwili wenyewe nao huongeza kitu. Baada ya kuwekewa, mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kipandikizi, kama unavyofanya kwa kitu chochote kigeni usichoweza kukitoa, na utando huo ndio unaoamua mambo yatakuwaje ganda likipasuka. Jeli ikibaki ndani ya utando, titi huweza kuonekana vilevile lilivyokuwa, na hii ndiyo hali ya wengi. Jeli ikiupenya utando na kuingia katika nyama ya titi, hujenga vinundu, na nyingine huchukuliwa na mishipa ya limfu hadi kwenye tezi za kwapani. Daktari atakapokupa majibu, muulize swali hili kabla ya yote: jeli iko ndani ya utando au imetoka nje?

Usichanganye kipandikizi cha silikoni na kile cha maji ya chumvi. Cha maji kikipasuka, titi hupungua waziwazi kwa muda mfupi, mara nyingi siku chache, na maji yale hunyonywa na mwili bila madhara. Wala usikichanganye na silikoni ya maji inayodungwa kwa sindano moja kwa moja katika titi au makalio. Sindano hizo hazina ganda lolote la kuizuia silikoni isienee, zinaweza kuziba mishipa ya damu na kuua, na mwanamke aliyedungwa anahitaji uchunguzi wake maalumu, kwa hiyo amwambie daktari hivyo waziwazi.

Kwa nini kinapasuka

Sababu kubwa kuliko zote ni umri. Ganda hujikunja mahali palepale kwa miaka, kama kitambaa kinavyochanika penye mkunjo, na hatari huongezeka kadiri miaka inavyozidi, hasa baada ya kumi. Hakuna kipandikizi kilichotengenezwa ili kidumu maisha yote, na aliyekuahidi hivyo alikukosea. Pengine ganda huwa lilikwaruzwa na sindano au kisu siku ileile ya kuwekwa. Kishindo kikubwa kifuani nacho huweza kulipasua, kama vile ajali ya gari katika barabara ya Mombasa au kuanguka na pikipiki. Ndege haipasui kipandikizi, kuzamia baharini Watamu hakukipasui, na kunyonyesha mtoto hakukipasui.

Hapa sina budi kusema jambo la kwetu. Pwani tunakandana. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku zake arobaini, mwenye maumivu husingwa, na siku hizi kupigwa chuku kumerudi kwa nguvu kubwa. Mwanamke mwenye kipandikizi asikubali kukandwa, kubanwa wala kupigwa chuku juu ya titi, hata kama mkandaji ni shangazi yake aliyemlea, na hasa ikiwa titi limeanza kuwa gumu. Zamani hata madaktari walikuwa na desturi ya kulibana titi gumu kwa nguvu za mikono ili utando wa kovu upasuke, na desturi hiyo iliachwa kwa sababu mara nyingine kilichopasuka kilikuwa kipandikizi chenyewe. Mzazi akandwe tumbo, kiuno na miguu, na kifua kiachwe.

Hatua ya kwanza: tafuta kadi yako

Kabla ya kujikagua, fungua kabati. Kila anayewekewa kipandikizi hupaswa kupewa kadi yenye jina la mtengenezaji, aina, ukubwa, namba ya utambulisho na tarehe ya upasuaji. Nimewaona wanawake waliotoka katika kliniki bila kadi wala karatasi yoyote, wakiwa wamelipa fedha nyingi sana, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu mzigo wa kutokujua huubeba mgonjwa peke yake. Ikiwa huna kadi, wasiliana na hospitali uliyofanyiwa na uombe kwa maandishi nakala ya ripoti ya upasuaji, na ikiwa ilikuwa nje ya nchi, ombi hilo litumwe kwa barua pepe likiwa na nakala ya pasipoti uliyosafiria wakati huo.

Kwenye kadi, angalia mambo mawili. La kwanza ni mtengenezaji. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kampuni ya Ufaransa iitwayo Poly Implant Prothèse, maarufu kwa kifupi PIP, ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa matumizi ya tiba, na vipandikizi hivyo vilipasuka mapema kuliko vya wengine. Viliuzwa katika nchi nyingi, Italia na Uingereza zikiwemo, na mwezi wa Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wapatao 30,000 wa nchi hiyo waviondoe, hata wale ambao hawakuwa na dalili. Ukikuta jina hilo kwenye kadi yako, usingoje dalili. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya picha.

La pili ni uso wa ganda, kama ni laini au ni wa kukwaruza. Vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza vimehusishwa na aina adimu ya saratani ya mfumo wa kinga inayoota katika utando unaozunguka kipandikizi, na ndiyo sababu mwezi wa Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vile vya aina ya Biocell. Saratani hii si saratani ya titi ya kawaida, na haisababishwi na kupasuka. Hata hivyo dalili yake kuu, ambayo ni titi kuvimba na kujaa maji miaka kadhaa baada ya upasuaji, hufanana na dalili za kupasuka, na kwa hiyo daktari anayekuchunguza anapaswa kuifikiria.

Hatua ya pili: jikague kwa upole

Chagua siku chache baada ya hedhi kuisha, wakati matiti hayajajaa. Simama mbele ya kioo chenye mwanga, mikono ikining'inia, kisha uiinue juu ya kichwa, kisha uishike kiunoni na ukaze kifua. Linganisha titi na titi, lakini zaidi ulinganishe na lilivyokuwa mwezi uliopita, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyeumbwa matiti sawasawa. Baada ya hapo lala chali na upapase kwa upande wa ndani wa vidole vitatu vya kati, bila kufinya, kuanzia juu ya mtulinga, ukizunguka titi lote, hadi ndani ya kwapa.

Unachotafuta ni mabadiliko. Titi moja linaweza kupungua, kupanda juu, kutandawaa upande au kupoteza umbo lake. Unaweza kugusa vinundu vigumu katika titi, pembeni kuelekea kwapani, au ndani ya kwapa lenyewe. Titi zima linaweza kuwa gumu na la baridi, kwa sababu utando wa kovu umejikaza. Ugumu huu hutokea pia kwa kipandikizi kisichopasuka, ila mara nyingine huandamana na kupasuka. Wengine huhisi kuchomachoma, ganzi, joto, au maumivu yanayotambaa hadi begani. Mama mmoja alinieleza kwamba aligundua kwa sidiria tu, upande mmoja ulikuwa ukibaki na nafasi ambayo zamani haikuwapo, na picha ikaonyesha kwamba alikuwa sahihi.

Wapo pia wanaolalamikia uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo, kukatika nywele na kusahau. Malalamiko haya ni ya kweli na yasipuuzwe, lakini hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuthibitisha kwamba yanatokana na silikoni, na mara nyingi huwa na sababu nyingine inayotibika, kama upungufu wa damu au tezi ya shingoni kutofanya kazi vizuri. Anza kwa kupima hayo. Baadhi ya wanawake hupata nafuu vipandikizi vinapoondolewa na baadhi hawapati, na daktari mkweli atakuambia hivyo kabla ya kukupasua.

Onyo moja linafaa kuandikwa peke yake. Kinundu chochote kipya katika titi au kwapani kichunguzwe kama ambavyo kingechunguzwa kwa mwanamke asiye na kipandikizi. Usikubali mtu yeyote, hata awe amevaa koti jeupe, akuambie "hiyo ni silikoni tu" kabla ya picha, na ikibidi kabla ya kipande kidogo cha nyama kupelekwa maabara. Kupasuka hakujathibitishwa kuleta saratani ya titi, lakini mwenye kipandikizi anaweza kuipata saratani hiyo kama mwanamke mwingine yeyote.

Ni wakati gani uende siku hiyohiyo

Nenda bila kuchelewa ikiwa una homa pamoja na titi jekundu lenye moto, ikiwa usaha unatoka, ikiwa titi limevimba ghafla na kwa kiasi kikubwa, ikiwa ngozi imekonda hadi kipandikizi kinaonekana au kimetokeza, au ikiwa umepata ajali na unashindwa kuvuta pumzi. Hospitali ya serikali ya hapa Malindi ina kitengo cha dharura cha kukupokea na kukupa huduma ya kwanza kabla ya kupewa rufaa. Aliye Lamu aanzie hospitali ya huko, kwa maana safari ya boti hadi Mokowe na gari hadi huku si ya mtu mwenye homa kali kuifunga peke yake.

Hatua ya tatu: picha

Mikono ya daktari, hata awe hodari namna gani, haitoshi kutambua kupasuka, kwa sababu utando wa kovu huishika jeli mahali pake na titi likapapasika kama kawaida. Picha ndiyo inayosema.

Altrasaundi ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa inapatikana kwa urahisi, haina mionzi, na gharama yake ni nafuu. Ganda lililopasuka huonekana kama vidato vya ngazi ndani ya kipandikizi, na jeli iliyotoka nje huonekana kama ukungu mweupe unaofunika kila kilicho nyuma yake. Udhaifu wake ni kwamba inategemea sana jicho na uzoefu wa anayepiga. Ukiweza, mtafute daktari wa picha aliyezoea matiti yenye vipandikizi, na uulize hivyo kabla ya kulipa.

MRI, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku kubwa, ndicho kipimo chenye uhakika zaidi. Kwa mgonjwa wa Malindi hii ni safari ya Mombasa, kilomita zipatazo 120, au ya Nairobi. Piga simu kwanza uulize kama kituo kina kifaa maalumu cha kulalia kwa ajili ya matiti, kwa sababu picha ya kifua ya kawaida haitatosha. Utalala kifudifudi, matiti yakining'inia ndani ya matundu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mashine itapiga kelele kubwa kwa muda wa nusu saa au zaidi. Vua vito vyote na usivae nguo yenye pini. Kutafuta kupasuka peke yake hakuhitaji dawa ya rangi ya kudungwa mshipani. Dawa hiyo hutumiwa pale daktari anapotafuta pia saratani. Mwenye puto la muda la kutanulia ngozi aliseme, kwa kuwa baadhi ya maputo hayo yana sumaku ndani yake na hayaruhusiwi kabisa karibu na mashine. Kipandikizi kilichopasuka ndani ya utando huonyesha ganda lililokunjamana likielea katika jeli, mfano wa tambi zilizomwagiwa mchuzi, na hiyo ndiyo alama ambayo madaktari wa picha huitegemea kuliko zote.

Mamografia, yaani eksirei ya titi, hufanywa kwa ajili ya kutafuta saratani. Huweza kuonyesha jeli iliyotoka nje ya utando, lakini iliyobaki ndani huipita bila kuiona. Usiikwepe kwa hofu ya kubanwa. Kipandikizi kupasuka kwa sababu ya mamografia ni nadra. Mwambie mpiga picha mapema kwamba una vipandikizi, ili avirudishe nyuma na kuivuta nyama ya titi mbele kwa picha za ziada.

Ikiwa kuna maji yaliyokusanyika kuzunguka kipandikizi, yavutwe kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi, na mtu asithubutu kuchoma kwa kubahatisha. Maji hayo yasimwagwe. Yapelekwe maabara, na fomu iandikwe kwamba yapimwe pia kwa alama iitwayo CD30, ambayo hutumika kuitambua ile saratani adimu niliyoitaja.

Hatua ya nne: kuamua tiba

Hakuna dawa inayoyeyusha silikoni. Si vidonge, si habasoda, si asali, si mvuke. Nalisema hili kwa sababu nimewaona wanawake wakitumia fedha za upasuaji kwa ahadi za kusafishwa mwili, kisha wakafika hospitali wamechelewa na mfuko ni mtupu.

Ushauri wa kawaida ni kwamba kipandikizi cha silikoni kilichothibitishwa kupasuka kiondolewe. Haraka yake hutegemea hali. Jeli ikiwa bado ndani ya utando na huna dalili, una nafasi ya kupanga kwa wiki au miezi michache, kutafuta fedha na kusikiliza maoni ya daktari wa pili. Jeli ikiwa imetoka nje, usiliburute jambo, kwa kuwa kadiri inavyoenea ndivyo inavyokuwa vigumu kuitoa. Mjamzito na anayenyonyesha kwa kawaida husubirishwa, isipokuwa kama kuna maambukizi. Kuhusu maziwa, kiasi cha silikoni kilichopimwa katika maziwa ya mama wenye vipandikizi hakikuzidi kile cha maziwa ya ng'ombe wala cha ya kopo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwachisha mtoto ziwa kwa hofu hiyo peke yake.

Daktari atakapokuita kujadiliana, uamuzi wako utakuwa juu ya mambo matatu. Jambo la kwanza ni utando wa kovu. Wapo wanaotaka utolewe wote kama yai zima lisilovunjwa, kwa kuwa wamesikia ndiyo njia pekee ya usalama. Njia hiyo ni ya lazima pale penye saratani ya utando. Kwa kupasuka kwa kawaida, daktari hutoa kipandikizi, husafisha jeli, na huondoa utando wote au sehemu yake kulingana na ulivyoharibika. Utando ukiwa umeng'ang'ania mbavuni, kuulazimisha utoke wote kunaweza kutoboa kifuko cha mapafu. Daktari akiuacha kipande hapo, hajakupunja.

Jambo la pili ni tezi za kwapani. Tezi yenye silikoni, ikiwa haiumi na haina dalili ya saratani, mara nyingi huachwa, kwa kuwa kuitoa kunaweza kuleta uvimbe wa mkono usiokwisha. Kubali mapema kwamba chembe kidogo za silikoni zinaweza kubaki mwilini.

Jambo la tatu ni kuwekewa vingine au kutowekewa. Unaweza kuwekewa vipya siku hiyohiyo, unaweza kukaa bila vyovyote, na unaweza kuinuliwa titi bila kipandikizi ili ngozi iliyolegea ikazwe. Palipo na maambukizi, vipya hungoja miezi kadhaa. Kwa maoni yangu, mwanamke aliyevuka miaka hamsini, aliyechoka na safari za hospitali, alipime kwa dhati lile la kukaa bila vyovyote, kwa sababu kipandikizi kipya kinaanza upya kuhesabu miaka. Lakini mwili ni wake, wala si wa muuguzi, na asimwachie mume, daktari wala dada kulijibu swali hili kwa niaba yake.

Hatua ya tano: daktari, na fedha

Tafuta daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki, na umhakikishe katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo imewekwa wazi mtandaoni. Kagua leseni ya hospitali vilevile. Upasuaji huu haufanywi saluni, wala katika nyumba ya kukodi yenye kitanda kimoja, hata kama bei inavutia. Muulize ametoa vipandikizi vingapi vilivyopasuka, nani atakulaza kwa nusukaputi, na nani utampigia simu ukipata homa saa nane za usiku. Una haki ya kuomba daktari au muuguzi wa kike awepo wakati wa kukaguliwa, na kufunikwa upande usiokaguliwa, na hospitali yenye heshima haiwezi kuliona ombi hilo kuwa usumbufu.

Omba bei kwa maandishi, ikitenganisha malipo ya mpasuaji, ya mtaalamu wa nusukaputi, ya chumba cha upasuaji, ya maabara, ya vipandikizi vipya ukivitaka, na ya ziara za baadaye. Bima nyingi hukataa upasuaji wa urembo, kwa hiyo barua ya daktari iseme wazi kwamba kuna kifaa kilichopasuka, na ripoti ya picha iambatanishwe. Aliyewekewa baada ya saratani aulize kivyake, kwa kuwa sababu yake ni nyingine. Anayetegemea Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, apate idhini mkononi kabla ya kulazwa. Tazama pia kadi yako: baadhi ya watengenezaji hutoa dhamana ya kipandikizi kingine bila malipo kinapopasuka.

Hatua ya sita: maandalizi na siku yenyewe

Acha sigara na shisha angalau wiki nne kabla, kwa kuwa huchelewesha kidonda kufunga. Mwambie daktari kila unachomeza au kutafuna, ikiwemo aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, muguka, na dawa za miti shamba. Panga mahali pa kulala karibu na hospitali kwa siku chache za mwanzo, na mtu wa kukaa nawe.

Upasuaji hufanywa chini ya nusukaputi, mara nyingi kupitia kovu la zamani, na huchukua saa moja hadi tatu. Kabla ya kulala, mkumbushe daktari mambo mawili: utando na majimaji yapelekwe maabara, na namba iliyo kwenye kipandikizi kilichotolewa iandikwe na kupigwa picha.

Hatua ya saba: kupona nyumbani

Unaweza kuamka na mrija mwembamba kila upande, unaotoa majimaji hadi kwenye kichupa. Kipime kichupa kila siku kwa saa ileile, uandike kiasi na rangi. Mrija hutolewa majimaji yakipungua kama daktari alivyoagiza, na ni vyema usirudi Malindi kabla haujatolewa. Siku ya safari, weka mto mdogo kati ya mkanda wa gari na kifua chako.

Lala chali kwa mito miwili au mitatu. Vaa sidiria isiyo na waya, usiku na mchana, kwa muda utakaoambiwa. Joto letu na jasho ni adui wa kidonda, kwa hiyo kaa penye upepo, badilisha leso zikilowa, na usipake liwa, mafuta wala manukato karibu na mshono. Bahari isubiri mpaka kidonda kifunge kabisa.

Kazi ndizo huwashinda wanawake wetu. Kwa wiki nne hadi sita usinyanyue dumu la maji, usimbebe mtoto, usifue kwa mikono, usisukume chapati, na hasa usikae juu ya mbuzi kukuna nazi, kwa maana mwendo ule huivuta misuli ya kifua palepale palipopasuliwa. Nenda ukanunue nazi iliyokunwa, au mwachie kijana wa nyumbani. Unaposali, sali kwa kuketi hadi daktari akuruhusu kusujudu, kwa kuwa kuinama huongeza msukumo wa damu kifuani. Ikiwa Ramadhani imekukuta na dawa za mchana, wewe ni mgonjwa na ruhusa yako unaijua.

Maumivu hupungua siku baada ya siku. Yakizidi badala ya kupungua, au titi moja likafura kuliko lingine, au mshono ukafunguka, au ukapata homa, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, au pumzi ikawa fupi, nenda hospitali hapohapo. Hizo ni dalili za damu kukusanyika, za maambukizi, au za damu kuganda.

Aliyebaki bila vipandikizi ajue kwamba titi la wiki ya kwanza silo litakalobaki. Huwa limebonyea na kukunjamana, kisha hujirekebisha kwa miezi kadhaa. Wengine hulia wakijitazama, hata wale waliotaka wenyewe viondolewe, na kulia huko si utovu wa shukrani. Mume aelezwe mapema atakachokiona, na ikiwezekana aelezwe na daktari.

Hatua ya nane: baada ya hapo

Fuatilia majibu ya maabara. Yasipokuja kwa wiki tatu, yaulizie wewe. Aliyewekewa vipya apigwe altrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, hata kama hana dalili yoyote. Huu ndio utaratibu ambao mamlaka ya dawa ya Marekani imeupendekeza tangu mwaka 2020. Asiye navyo aendelee na mamografia kulingana na umri wake.

Ikiwa tezi zenye silikoni zimeachwa kwapani, mweleze kila daktari atakayekuchunguza kifua siku za usoni, kwa kuwa katika picha zinaweza kuonekana kama saratani iliyosambaa. Ripoti ya upasuaji, majibu ya maabara na kadi mpya viwekwe pamoja na hati za nyumba, picha zake zihifadhiwe kwenye simu, na mtu mmoja unayemwamini aambiwe vilipo.